Kazi ambayo ikienda vizuri hakuna kinachotokea

Tangu niondoke kwenye kampuni kubwa ya teknolojia ya Kimarekani niliyoifanyia kazi hapa Dublin, Ireland, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu ni wa aina mbili. Kuna vijana wa Dar, wa Mlimani na Kijitonyama, wanaouliza njia ya kuingia, na kuna ndugu wa Tanga wanaouliza kama ni kweli chakula ni cha bure. Ni kweli. Asubuhi, mchana na jioni, na soda humo katikati, na mwaka wa kwanza kila mtu ananenepa. Mshahara ni mzuri, ila mwenye nyumba wa Dublin ana mipango nao kabla haujaingia. Kinachowafanya watu wang'ang'anie hasa ni hisa: unaahidiwa fungu linalotolewa kidogo kidogo kwa miaka minne, na kabla hujatimiza mwaka hupati kitu. Ukimkuta mtu analaani kazi kila siku na haachi, usihangaike kumwuliza kwa nini. Mwulize hisa zake zinatoka lini.

Hayo tumeyamaliza. Ninalotaka kulieleza ni jinsi kampuni ile ile ilivyokuwa na haki ya ajabu seva, zile kompyuta zinazoendesha huduma za mtandaoni, zinapoanguka, na jinsi haki hiyo ilivyokuwa haivuki mlango wa chumba cha tathmini ya wafanyakazi.

Jina sitalitaja. Ni moja ya zile kubwa za Marekani zenye ofisi upande wa Grand Canal Dock, bandari ya zamani iliyogeuka kuwa majengo ya vioo. Google walifika Dublin mwaka 2003, Facebook wakatangaza mwaka 2008 kuwa wataweka hapo makao yao ya kimataifa, wengine wakafuata. Kila mtu anajua kuwa kodi ya makampuni ya asilimia 12.5 ilichangia kuwaleta (kwa makampuni makubwa imepanda hadi 15 tangu 2024). Sababu nyingine haisemwi sana, nayo ni saa. Dublin iko mbele ya California kwa saa nane. Wakubwa wa California wakilala, lazima kuna mtu macho anayeziangalia mashine, na ni nafuu kumpata mtu ambaye kwake ni mchana kuliko kumwamsha ambaye kwake ni usiku wa manane. Mmoja wa hao wenye mchana nilikuwa mimi.

Kazi yenyewe huitwa SRE, kwa kirefu site reliability engineering, yaani uhandisi wa kuhakikisha mifumo inategemeka. Google ndio walioipa sura yake, mwaka 2003, walipomkabidhi Ben Treynor Sloss timu ya watu saba na kumwambia aendeshe mitambo kama mtu wa programu, si kama fundi wa kuzima na kuwasha. Hutengenezi kitu kipya. Unahakikisha vilivyopo haviangushi watu. Ukiwa zamu, simu ikilia una dakika tano za kuipokea na kompyuta lazima iwe karibu nawe: dukani, kwenye basi, kwa kinyozi. Mimi nimewahi kuifungua kwenye ngazi za msikiti wa South Circular Road, ule uliokuwa kanisa zamani, watu wanatoka kuswali Idd wananipa mkono nami nashika mkono mmoja, mwingine uko kwenye kibodi.

Hiyo ya Idd ilikuwa na mkasa wake. Tulikuwa na mapatano na Mpolandi mmoja wa timu: yeye ananibebea Idd, mimi namshikia Krismasi. Krismasi haisumbui, inajulikana. Lakini jedwali la zamu linataka tarehe wiki kadhaa kabla, na mwezi ni wa kuandama. Kila mwaka nilikuwa nampa siku mbili za kuchagua, na kila mwaka yeye ananiuliza kwa upole kama hakuna mtu wa kumpigia simu akathibitisha.

Sasa siku seva zinapoanguka. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, kwa hiyo California ni saa tisa usiku. Mwenzetu mmoja wa palepale Dublin alibadilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, faili lile likasambaa kote kwa wakati mmoja, na mchoro wa makosa kwenye skrini yangu, ambao siku zote hulala chini, ukasimama wima. Simu zetu zikalia pamoja, meza nzima, na huo mlio ukishaufanyia kazi unausikia hata kwenye tangazo la redio la mtu mwingine.

Hakuna anayekimbia. Mmoja anatangaza kuwa yeye ndiye anayeongoza. Mwingine anaandika kila kinachofanyika na saa yake. Wa tatu anazungumza na wa nje ili wanaouliza wasiwasumbue wanaotengeneza. Kanuni ya kwanza ni kurudisha hali ilivyokuwa, kutafuta sababu ni baadaye. Kabla hata hatujajua tunarudisha nini, yule mwenzetu akaandika kwenye chumba cha mazungumzo, mbele ya watu labda mia hivi: "Ni mimi. Nimebadilisha hiki hapa, muda si mrefu." Anayeongoza akajibu: "Asante. Kirudishe." Kikarudishwa. Mchoro ukaanza kushuka, ukachelewachelewa pale katikati kiasi cha kututoa jasho, kisha ukalala.

Nilikotoka, ofisi moja ya Dar ambayo nayo sitaitaja, mfumo ukidondoka swali la kwanza lilikuwa "nani kagusa?" Kwa hiyo hakuna aliyewahi kugusa. Miaka yote ile seva zilikuwa zinajigusa zenyewe. Tulikuwa tunapoteza nusu saa kutafuta kilichobadilika huku mtu aliyebadilisha amekaa nasi, anatafuta pamoja nasi, tena kwa bidii kuliko wote.

Pale Dublin siku chache baadaye iliandikwa ripoti, na ripoti haina jina la mtu. Inasema "mhandisi". Inasema nini kilitokea, nini kilisaidia, na ina sehemu niliyoipenda kuliko zote, ya kuorodhesha mahali tulipookolewa na bahati tu. Haiulizi kwa nini mtu alikosea, maana watu hukosea. Inauliza ilikuwaje mfumo ukamkubalia mtu mmoja kusambaza mstari mmoja dunia nzima bila kituo cha kusimama. Kisha kituo cha kusimama kinajengwa, na mara nyingi anayepewa kukijenga ni yule yule, kwa kuwa ndiye anayelijua shimo lilipo. Hakuna aliyemcheka. Nilikuwa nangojea waanze kumcheka, kwa mazoea yangu, na siku hazikufika.

Si kampuni yangu peke yake. Tarehe 28 Februari 2017 mtu wa Amazon aliyekuwa anachunguza mfumo wa malipo wa huduma yao ya kuhifadhi data, S3, aliingiza amri yenye kosa, seva nyingi kuliko alizokusudia zikaondoka, na tovuti chungu nzima za Marekani zikalala kwa saa kadhaa. Maelezo ambayo Amazon waliyatoa hadharani hayamtaji. Yanasema wamekirekebisha kile chombo kiondoe seva polepole na kikatae kabisa kushuka chini ya idadi fulani. Na ile jioni ya Jumatatu, 4 Oktoba 2021, WhatsApp ilipopotea na Facebook na Instagram kwa karibu saa sita, nyumbani watu wakarudia meseji za kawaida: ilikuwa amri moja ya matengenezo iliyokata njia zinazounganisha vituo vyao vya data. Waliotumwa kwenda kutengeneza kwa mikono walicheleweshwa na ulinzi waliojiwekea wenyewe kwenye milango na mashine. Sisi tuliisoma taarifa waliyoitoa baadaye, mezani, neno kwa neno, kama watu wanaosoma habari za msiba wa jirani.

Halafu inakuja tathmini.

Mara mbili kwa mwaka unajaza fomu ya kujieleza. Neno linalotawala humo ni "athari": umefanya nini na kimebadilisha nini. Aliyetengeneza kitufe kipya ana picha ya kitufe na idadi ya waliokibonyeza. Mimi nina mchoro uliolala. Kama nimefanya kazi yangu vizuri miezi sita, hakuna kilichotokea, na sasa nitafute aya tatu za kuieleza hiyo hali ya kutotokea kwa mtu ambaye haijui timu yangu.

Usiku mmoja wa fomu hizo mama alipiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imepooza hivyo?"

Nikamwambia ninajaza fomu ya kujipima kazini. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka anastaafu, na watumishi wa serikali Tanzania nao walikuwa wakipimwa kwa fomu, OPRAS, kwa hiyo akanyamaza kidogo kwanza.

"Yaani hata huko Ulaya kuna OPRAS?"

"Ipo, mama."

"Na mnaijaza siku ya mwisho?"

"Siku ya mwisho, usiku."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia wao walikuwa wanaandika malengo ya mwaka baada ya kuona yaliyokwisha kutimia, ndiyo njia ya kupata alama nzuri. Siku hizi walimu wanajaza PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS, kwenye simu, na dada yangu, ambaye naye ni mwalimu, anasema kilichobadilika ni kwamba sasa mtandao nao unakataa.

Fomu ikishajazwa, inaondoka mikononi mwako. Mameneja wa timu kadhaa wanajifungia chumbani na majina, na kila mmoja anawatetea wa kwake. Kuna wakati Microsoft walikuwa na utaratibu wa kuwapanga watu kwa mstari, lazima wawepo wa juu na lazima wawepo wa chini hata kama timu nzima ni hodari. Wakauacha Novemba 2013 baada ya kelele za miaka. Kwetu walikuwa wanasema hakuna mstari. Kulikuwa na "mgawanyo unaotarajiwa", na meneja akizidisha wa juu anarudishwa akapunguze. Wewe huitwi. Unaambiwa matokeo wiki kadhaa baadaye, kwa maneno mazuri. Ripoti ya seva yoyote iliyokufa ningeweza kuisoma mstari kwa mstari, hata ya timu nisiyoijua. Ya kwangu mwenyewe sikuwa na ruhusa nayo.

Watu si wajinga. Wakishajua kinachohesabiwa ni kinachoandikika, wanafanya kinachoandikika. Nimeshuhudia mfumo mzima ukihamishwa kutoka mahali ulipokuwa umetulia kwenda mahali papya, na sababu pekee niliyoweza kuiona ni kuwa uhamisho una mwanzo, una mwisho na una jina. Waliouhamisha walipanda daraja. Zamu za usiku zilizofuata, kwa muda, zilikuwa za kwetu. Sina kinyongo nao, mimi ningekuwa na mtoto na kibali cha kazi kinachoning'inia ningehamisha pia.

Na hapo nazungumzia sisi wenye kadi ya rangi ya waajiriwa. Jikoni kwetu kulikuwa na kaka mmoja wa Lubumbashi, tulijuana siku niliyomsikia akiimba huku anapanga sahani. Kadi yake ilikuwa ya rangi nyingine, kwa kuwa mwajiri wake ni kampuni ya chakula iliyopewa kandarasi. Akaunti za ndani hana, sherehe za mwisho wa mwaka yeye ndiye anayezipika. Mambo haya ni ya kila mahali katika biashara hii: mwaka 2019 gazeti la New York Times liliandika kuwa Google ilikuwa na vibarua na wa kandarasi wapatao 121,000, waajiriwa wake 102,000. Nairobi nako, waliokuwa wanachuja video na picha za kutisha za Facebook kupitia kampuni ya kati walikwenda mahakamani, Meta, kampuni mama ya Facebook, ikasema si mwajiri wao, na tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 kati ya wafanyakazi wa aina hiyo walikutana wakapiga kura ya kuunda chama. Mimi nililijua hilo kwenye habari. Kwenye mikutano yetu ya kampuni sikuwahi kusikia mtu akisimama kuuliza juu ya kazi za namna ile.

Yule kaka ndiye aliyeniuliza wa kwanza, Januari 2023, akinipa supu: "Minasikia banafukuza bantu ku kazi, ni kweli dada?"

Ilikuwa kweli, na ilikuwa kila mahali. Twitter walikuwa wameondoa karibu nusu ya watu Novemba. Meta 11,000 mwezi huo huo. Januari Amazon wakataja 18,000, Microsoft 10,000, Google 12,000. Kwetu ilianzia Marekani, usiku wao. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusoma noti ya makabidhiano kutoka kwa mwenzangu wa California: nini kimelia usiku, nini cha kuangalia. Siku ile noti ilikuwepo, imenyooka kama kawaida yake, hata ameniandikia kuwa kuna diski moja haimpendezi niitupie macho. Jina lake mwishoni mwa noti lilikuwa limegeuka kijivu. Ndivyo akaunti iliyofungwa inavyoonekana. Alikuwa na viza ya kazi ya Marekani, H-1B, na wenye viza hiyo kazi ikikatika hupewa siku 60 wapate mwajiri mwingine au waondoke. Ile diski kweli ilikuwa mbovu.

Ireland hawawezi kukufungia hivyo usiku. Kuna sheria ya 1977 inayomtaka mwajiri anayepunguza watu wengi kwa pamoja afanye mashauriano na wafanyakazi kwa siku 30 kabla ya kutoa notisi. Kwa hiyo sisi tuliambiwa baadhi yetu wataondoka, tukachagua wawakilishi, tukaanza kungoja. Sijui kipi afadhali. Siku zote 30 zamu ziliendelea, simu zinalia, tunazipokea ndani ya dakika tano. Mpolandi wangu alisema kuwa kama kampuni ingetaka kujua thamani yetu ingetupa likizo wote Ijumaa moja tu. Hakuna aliyecheka sana, maana kila mmoja alikuwa ameshalifikiria.

Mimi nilikuwa kwenye orodha. Barua ilikuwa na jedwali la vigezo na alama, na alama zangu zilitoka kwenye zile tathmini. Wa kibali kama changu, cha ujuzi adimu, wakipunguzwa kazi wanatakiwa kuiarifu wizara ndani ya wiki nne na wanapewa miezi sita ya kutafuta kazi nyingine, kwa hiyo sikulala njaa wala sikupanda ndege. Nilipata kazi kwenye kampuni ndogo ya malipo, hapa hapa Dublin. Mkate ni wa kununua mwenyewe.

Kabla sijaondoka, mwenzetu mmoja anayeijua sheria alinong'ona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: Ulaya kuna ile sheria ya data iliyoanza kutumika Mei 2018, na ibara yake ya 15 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake, hata zilizo kwa mwajiri. Nikaandika barua pepe ya mistari minne. Wana mwezi mmoja wa kujibu, na wanaweza kuomba nyongeza. Lilikuja faili kubwa, majina ya wengine yote yamefunikwa kwa mistari myeusi. Sehemu kubwa ni takataka: kila mara kadi yangu ilipogusa mlango, kila zamu. Katikati ya hayo kulikuwa na noti za kile chumba.

Nami ndivyo nilivyokuja kusikia meneja wangu akinitetea. Alisema, natafsiri, kwamba kipindi chote kile huduma zilizo chini yangu hazikupata tukio kubwa hata moja. Mstari mweusi ukauliza: "Basi ugumu wa kazi yake uko wapi?" Meneja akajibu kitu kirefu kidogo kuhusu kinga. Noti inaendelea: "Tumekubaliana abaki alipo." Kisha jina la mtu mwingine, limefunikwa.

Nilimtumia meneja ujumbe wa kumshukuru. Alijibu baada ya siku mbili kwamba hakujua kuwa zile noti zinaweza kuombwa, na kwamba kuanzia sasa ataandika sentensi ndefu zaidi.

Wanaoniuliza njia ya kuingia, someni algorithimu, fanyeni mazoezi ya usaili, yapo ya kutosha mtandaoni. Walio ndani tayari, ukiomba faili lako taja kipindi na taja waziwazi noti za vikao vya tathmini, la sivyo utaletewa milango tu. Kenya ina sheria yake ya data tangu 2019, na ya kwetu Tanzania ya 2022 ilianza kufanya kazi Mei 2023, ina Tume yake, na nayo inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake. Sijakutana bado na aliyeitumia kwa mwajiri wake Dar au Arusha. Ukijaribu, niandikie walivyokujibu.